UNATAKA LEZA YA MACHO UACHANE NA MIWANI? SOMA HAPA KWANZA

Kuna swali linarudi kila mara: eti ni kweli kuna leza wanakupiga machoni dakika chache halafu miwani unaitupa? Jibu fupi, kwa yule ambaye muda wake wa kafe unakaribia kukatika: ndiyo, ipo, na kwa watu wengi inafanya kazi vizuri tu. Ila sio ya kila mtu. Na kinachoamua kama wewe umo au haumo sio ile mashine ya leza, ni vipimo unavyofanyiwa kabla. Kama wewe ni mtu wa kuwashwa macho na kuyafikicha tangu utotoni, ruka yote haya, shuka mpaka palipoandikwa KUFIKICHA MACHO, usome hapo kabla ya pengine popote. Wengine twende taratibu.

LEZA INAFANYA NINI HASA

Mbele kabisa ya jicho, juu ya ule weusi, kuna utando mgumu kidogo unaopitisha mwanga, umebinuka kama kioo cha saa ya mkononi. Unaitwa konea. Wengi wanadhani kazi yote ya kukusanya mwanga inafanywa na lensi iliyo ndani ya jicho, kumbe karibu theluthi mbili ya kazi hiyo inafanywa na konea. Sasa jicho likiwa refu kidogo kuliko inavyotakiwa, au konea ikiwa imebinuka mno, picha inaangukia mbele ya retina badala ya kutua juu yake. Hapo ndio unakuta mtu anasoma simu vizuri lakini basi linaloandikwa Mbagala analitambua likishampita. Huyu anapewa miwani ya kutoa, ile inayoandikwa -2.00, -3.50 na kuendelea.

Leza haikuwekei kioo mbele ya jicho. Inachonga konea yenyewe. Mtu wa kutoa anachongwa katikati ili pawe bapa zaidi. Mtu wa kujumlisha anachongwa kwa kuzunguka pembeni ili katikati pabaki pamebinuka. Mwenye astigmatizimu, yaani konea yake imekaa kama mgongo wa kijiko badala ya kama mpira, anachongwa upande mmoja zaidi ya mwingine mpaka zilingane.

Mwanga unaotumika ni wa leza inayoitwa eksaima, una urefu wa wimbi wa nanomita 193. Hauonekani kwa macho, na haukati kwa kuchoma kama moto. Unavunja vifungo vya molekuli za konea na kuzipeperusha. Kila pigo moja linaondoa kama robo ya mikroni. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo ukisikia kaharufu kama ka nywele zilizoungua ukiwa umelala pale, usishtuke, jicho haliungui.

Halafu kuna stori nzuri hapa. Mwaka 1981 pale IBM, Marekani (ndio, IBM hao hao wa kompyuta), mwanasayansi mwenye asili ya India, Rangaswamy Srinivasan, alibeba makombo ya bata mzinga wa sikukuu kutoka nyumbani akaenda kuyapiga na leza hiyo maabara. Ikakata safi, pembeni hapajaungua hata kidogo. Yeye na wenzake Samuel Blum na James Wynne wakajua wameshika kitu. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa New York akaandika kuhusu kuitumia kwenye konea, na mwaka 1988 Dk. Marguerite McDonald kule New Orleans akaifanya kwa mara ya kwanza kwenye jicho la binadamu linaloona. Bata mzinga, jamani.

AINA TATU UTAKAZOZISIKIA

Ya kwanza na kongwe ni PRK. Wanakwangua ngozi laini ya juu kabisa ya konea, leza inachonga, halafu wanakuwekea lensi laini kama bandeji mpaka ngozi iote tena. Inauma. Tusidanganyane, siku tatu hadi tano za kwanza macho yanauma, yanatoa machozi, hupendi mwanga, na kuona vizuri kunakuja polepole, wiki kadhaa mpaka miezi.

Ya pili ni LASIK, ndio maarufu zaidi. Iliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na jina linalotajwa sana ni la Mgiriki Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete. Hapa wanakata kifuniko chembamba juu ya konea, wanakifunua kama ukurasa wa kitabu, leza inachonga chini yake, wanakirudisha. Hakishonwi, kinajishika chenyewe. Zamani kilikatwa kwa kisu maalumu, siku hizi vituo vingi vinatumia leza nyingine kukikata, hiyo ndio unaiona kwenye matangazo wanasema "bila kisu". Maumivu ni ya saa chache, na kesho yake wengi wanaona vizuri.

Ya tatu ni SMILE, mpya kidogo, Marekani iliruhusiwa mwaka 2016. Haina kifuniko. Leza inakata kipande kidogo ndani ya konea, daktari anakivuta kupitia tundu dogo pembeni.

Ipi bora? Kwa macho yanayofaa, matokeo ya mwisho hayapishani sana. Tofauti iko kwenye maisha yako. Kifuniko cha LASIK hakirudi kuwa na nguvu kama zamani, hata miaka ikipita pigo zito la jichoni linaweza kukisogeza. Kwa hiyo bondia, mtu wa karate, au anayeota kwenda jeshini, huwa anashauriwa PRK, pamoja na maumivu yake. Na kama unataka jeshi au urubani, usifanye chochote kabla ya kuwauliza wahusika wenyewe masharti yao ya macho, kwa sababu kila nchi na kila kikosi kina yake. NASA, kwa mfano, walianza kukubali wanaanga waliofanyiwa leza mwaka 2007 tu.

HESABU YA KONEA

Hapa ndio pa kutulia, maana ni hesabu ya darasa la tano lakini wengi hawaambiwi.

Konea ya kawaida katikati ina unene wa kama nusu milimita, tuseme mikroni 540. Kila namba moja ya miwani yako inakula takribani mikroni 12 mpaka 16, kutegemea upana wa sehemu inayochongwa. Tuchukue 14. Kifuniko cha LASIK kinachukua kama 110. Kinachobaki chini ya kifuniko ndicho kinachobeba presha ya jicho maisha yako yote, na kwa desturi ya madaktari kisipungue 250, wengi siku hizi wanataka 300.

Sasa mchukue mtu wa -4.00. Nne mara 14 ni 56. 540 toa 110 toa 56, anabaki na 374. Huyu hana shida. Mchukue wa -9.00 mwenye konea ile ile: 9 mara 14 ni 126, anabaki na 304. Amepita lakini kwa kubana. Halafu mchukue wa -9.00 mwenye konea ya 490: anabaki na 254. Huyo daktari makini hamgusi kwa LASIK, hata alie. Anaweza kumwelekeza kwenye lensi ya kuwekwa ndani ya jicho, au amwambie abaki na miwani yake.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu utafiti wa presha ya macho uliofanyika Marekani ulionesha kuwa watu weusi kwa wastani wana konea nyembamba kidogo kuliko wazungu. Kwa wastani tu, wewe binafsi unaweza kuwa na konea nene kama kigae. Lakini maana yake usikubali kupimwa kwa makadirio. Uliza: "Konea yangu ina mikroni ngapi, na nitabaki na ngapi?" Swali hilo linajibiwa kwa namba. Ukijibiwa "usijali dada, mashine yetu ya kisasa", chukua mkoba wako.

KUFIKICHA MACHO

Huku kwetu kuna watoto wengi sana wenye aleji ya macho, hasa sehemu za joto na vumbi. Unawajua: macho yanawasha mpaka basi, weupe wa jicho umekuwa wa kahawia, wanatoa tongotongo linalovutika kama uzi, wanafikicha kwa ngumi mchana kutwa. Wavulana ndio zaidi. Wengi inapungua wakibalehe, na nyumbani wanasema "imepona yenyewe".

Shida ni kwamba kufikicha kwa miaka kunahusishwa sana na ugonjwa unaoitwa keratokonasi. Konea inakuwa nyembamba, inalegea, na presha ya ndani ya jicho inaisukuma mbele mpaka inachongoka kama pia. Unaanza mara nyingi ujanani, miaka ya sekondari hivi, na unaendelea mpaka miaka ya thelathini na kitu. Mwanzoni mgonjwa anaonekana ni mtu wa miwani wa kawaida tu. Anabadilisha miwani kila baada ya miezi michache, namba ya astigmatizimu inapanda, jicho moja baya kuliko lingine, usiku taa moja anaiona kama tatu zimepandana. Na ni mtu huyu huyu, aliyechoka na miwani isiyomsaidia, ndiye anayeenda kuulizia leza!

Ukimchonga mtu wa namna hii unaondoa nyama kwenye ukuta ambao tayari unabomoka. Konea inavimba mbele zaidi, na ambaye alikuwa anaona kwa miwani anafika mahali miwani haimsaidii tena. Wengine mwisho wake ni kupandikizwa konea ya marehemu, na konea za kupandikiza sio kitu unachoagiza dukani.

Keratokonasi ya mwanzo haionekani kwa kumulikwa tochi, wala kwa kusoma herufi ukutani. Inaonekana kwa ramani ya konea. Unaweka kidevu kwenye mashine, unaangalia taa, inatoka picha ya rangi: nyekundu ni sehemu iliyobinuka sana, bluu ni bapa. Mashine nzuri zinapima sura ya mbele na ya nyuma ya konea, maana mara nyingi ugonjwa unaanza kujionesha nyuma. Kituo kinachotaka kukupiga leza bila kukuchora ramani hii kwenye macho yote mawili, huko ni kucheza kamari na macho ya mtu mwingine.

Ukikutwa nayo, sio mwisho wa dunia, na hapa ndio faida ya kwenda kupimwa hata kama leza utaikosa. Kuna tiba ya kuimarisha konea: wanadondoshea matone ya vitamini B2, wanamulika kwa mwanga wa urujuanimno, nyuzi za konea zinafungana na kukaza. Ilianzia Ujerumani, matokeo ya kwanza kwa wagonjwa yalitangazwa mwaka 2003, na Marekani iliiruhusu mwaka 2016. Hairudishi kilichopotea, kazi yake ni kusimamisha ugonjwa usiendelee. Kwa hiyo ikifanyika una miaka 17 inakuokoa, ikifanyika una 35 mengi yameshapita. Baada ya hapo unaweza kuona kwa miwani au lensi ngumu za kuvaa.

Na kama bado unawashwa: acha kufikicha, weka kitambaa cha maji baridi, nenda kliniki ya macho upewe matone ya aleji. Usinunue tu matone ya deksamethasoni au betamethasoni duka la dawa kwa sababu jirani alipewa. Yanatuliza kweli, ndio ubaya wake. Ukiyatumia miezi bila kusimamiwa yanaweza kupandisha presha ya macho na kukuletea mtoto wa jicho kabla ya ujana kuisha, na presha ikishaua mshipa wa jicho hakuna leza wala miwani itakayorudisha.

NANI ASUBIRI, NANI AMEKOSEA MLANGO

Chini ya miaka 18, subiri. Na hata ukiwa nayo, namba ya miwani lazima iwe imetulia, isibadilike zaidi ya nusu ndani ya mwaka. Vijana wengi namba inaendelea kupanda mpaka miaka ya ishirini na kitu, ukichonga leo mwaka kesho unarudi kwenye miwani. Kwa hiyo tunza karatasi zako za vipimo vya zamani, usizifungie maandazi, ndizo ushahidi.

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, homoni zinachezea vipimo. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye magonjwa ya kinga ya mwili kama lupasi au baridi yabisi, na mwenye VVU, amwambie daktari waziwazi, kwa sababu kupona kwa kidonda na maambukizi ndio wasiwasi wenyewe. Sio kwamba jibu ni hapana moja kwa moja, lakini sio jambo la kuficha. Taja na dawa unazomeza, hasa isotretinoini, ile ya chunusi kali, maana inakausha macho.

Wenye makovu ya kuvimba, keloidi, huwa wanaogopa kwamba jicho nalo litaota kovu kama la sikioni. Miongozo ya mwanzo ya Marekani kweli iliwaweka pembeni, lakini tafiti zilizokuja baadaye kwa watu wenye keloidi hazikukuta konea zao zikifanya hivyo. Mwambie daktari tu, usijiondoe mwenyewe.

Waliokosea mlango ni hawa. Bibi mwenye mtoto wa jicho: ukungu wake uko kwenye lensi ya ndani, anahitaji upasuaji wa kuibadilisha, kuchonga konea hakutamsaidia kitu. Mzee mwenye presha ya macho: shida yake ni mshipa. Mwenye kinyama kinachotoka kwenye weupe kupanda kwenye weusi: hicho kinakatwa kwa upasuaji wa kawaida. Na mama au baba wa miaka 45 anayesogeza gazeti mbali ili asome: lensi yake ya ndani imekakamaa kwa umri, na hilo linampata kila binadamu, hata wewe uliyefanyiwa leza ukiwa na 25. Miwani ya kusomea utakuja kuivaa. Anayekuahidi "hutavaa miwani maisha yako yote" ana haraka na pesa yako.

KABLA YA SIKU

Kama unavaa lensi za machoni, zivue mapema kabla ya vipimo, sio kabla ya operesheni tu. Laini angalau wiki mbili, ngumu wiki tatu mpaka nne, kwa sababu zinaikandamiza konea ikabadilika sura, halafu unapimwa sura ambayo sio yako. Ukisema uongo hapa unajichongea jicho la mtu mwingine.

Upime na machozi. Sisi watu wa kukodolea skrini tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, macho yanakauka, na LASIK inakata neva ndogo za konea zinazoliambia jicho litoe machozi. Mwenye macho makavu tayari anatibiwa ukavu kwanza. Upimwe pia ukubwa wa mboni gizani, na watoe matone ya kuitanua ili waone retina, hasa kama namba yako ni kubwa.

Siku yenyewe haina mambo mengi. Hulazwi usingizi, wanatia matone ya ganzi, wanakuwekea kitu cha kuzuia kope, unaangalia taa inayomweka. Kwenye LASIK wakati wa kukata kifuniko jicho linabanwa na kwa sekunde kadhaa unaona giza, ni kawaida. Mashine inafuata jicho likitikisika. Macho yote mawili ni nusu saa hivi au pungufu. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na sio kwa bodaboda tafadhali.

BAADA YAKE

Kesho yake lazima urudi kuangaliwa. Matone ya kuzuia maambukizi na ya kupunguza uvimbe unaweka kwa saa uliyopangiwa. Usifikiche hata ukiota, ndio maana wanakupa ngao ya kulalia. Maji ya bombani, kuogelea, wanja na vumbi weka mbali kwa wiki mbili hivi. Ukifanyiwa PRK vaa miwani ya jua ya kweli kwa miezi, jua letu linaweza kuchangia konea kuota ukungu. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likiwa jekundu au kuona kukishuka ghafla, ni siku hiyo hiyo, sio Jumatatu.

Sasa madhara. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliendesha utafiti ulioitwa PROWL kuwauliza wagonjwa wenyewe wanavyojisikia. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na wanavyoona. Lakini katika wale ambao kabla hawakuwa na shida, hadi asilimia 46 miezi mitatu baadaye walisema wanaona angalau kitu kimoja cha ajabu, kama miduara kwenye taa, miale au picha pacha, na hadi asilimia 30 walipata dalili za macho makavu. Walioshindwa au kupata tabu kubwa kufanya shughuli zao kwa sababu hiyo walikuwa chini ya asilimia 1. Soma namba zote kwa pamoja, usichukue moja ya kukufurahisha. Kwa wengi mambo haya yanapungua kadiri miezi inavyokwenda, kwa wachache yanabaki. Dereva wa lori la usiku na mwalimu wa chekechea hawabebi hatari sawa hapo.

Na jicho refu linabaki refu. Leza imechonga mbele, nyuma retina bado imevutwa. Mtu aliyekuwa -8.00 akiona vimulimuli, mainzi meusi mengi ghafla au kama pazia linashuka, akimbie hospitali kama zamani, hata kama sasa anaona bila miwani.

Halafu kuna karatasi ambayo wengi hawajui umuhimu wake. Kipimo cha presha ya jicho kinafanywa kwa kugusa au kupuliza konea. Ukishachongwa konea ni nyembamba, mashine inasoma presha ndogo kuliko iliyopo. Presha ya macho ni ugonjwa unaotupata sana sisi watu weusi, na mapema, bila maumivu. Kwa hiyo unaweza kuambiwa uko salama miaka kumi mfululizo huku mshipa unakufa taratibu. Vile vile uzeeni ukihitaji kubadilishiwa lensi kwa sababu ya mtoto wa jicho, hesabu ya lensi mpya inachanganyikiwa kama hawajui konea yako ilikuwaje. Kabla ya kutoka kituoni omba nakala ya vipimo vyako vya kabla na vya baada: namba ya miwani, unene wa konea, ramani, presha. Piga picha, jitumie kwenye barua pepe, mpe na mama akuwekee. Kila daktari wa macho utakayekutana naye mpaka uzeeni mwambie, "Nilifanyiwa leza."

PESA NA SAFARI

Bei sitaandika, zinabadilika na kila mtu ana yake. Nitasema tu mambo ya kuuliza. Bei ni ya jicho moja au mawili? Vipimo vimo? Matone yamo? Ikibidi kurudiwa baada ya mwaka, ni bure au unalipa upya? Bima nyingi zinaihesabu kama urembo, kwa hiyo usiitegemee mpaka uwe umeona maandishi. Nilipiga simu kituo kimoja kuulizia; dada wa mapokezi alinitajia punguzo la mwisho wa mwezi kabla hata hajaniuliza umri. Hiyo nayo ni taarifa.

Nairobi huduma hii ipo, na wengine wanaunganisha na safari ya India. Kama unasafiri, tenga angalau wiki nzima huko, na kabla hujapanda ndege uwe na daktari wa macho wa hapa aliyekubali kukufuatilia, maana ukungu na ukavu havisubiri viza. Ushauri wangu kwa mwenye bajeti ndogo: lipia kwanza vipimo peke yake, chukua ramani yako, rudi nyumbani ukalale nayo. Unaweza hata kuipeleka kwa daktari wa pili.

Mliofanyiwa tayari, tuachieni kwenye maoni: aina gani, mwaka gani, ulikuwa namba ngapi, na usiku taa unazionaje. Majina ya madaktari msiweke.